Karamu ya Jiwe la Norris Quashie

Wa kwanza kutema mate alikuwa Theophilus Quashie. Mpwa wake Danika alituma chupa tatu kutoka New York, ndogo kama za dawa ya macho, kila moja na karatasi yake ya maelezo. Yeye na mama yake Verneta walikuwa wameshapimwa vinasaba huko. Sasa alitaka wazee wapimwe nao, ili siku ya karamu ya jiwe la kaburi la babu watundike ukutani mti wa ukoo mzima: nani alitoka wapi kabla ya meli za watumwa.

"Asinitangulie mtu," Theo alisema, akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Kabila hufuata mwanamume. Nyinyi wanawake temeni mkipenda, lakini mate yenye Kromanti ni haya."

"Hayo yana ramu tu," mkewe Merle akasema.

"Ramu na Kromanti. Wakipima watakuta vyote."

Shangazi Iona, dada wa marehemu baba yake, alitema ya pili, kwa adabu, nyuma ya leso. Ya tatu ilikuwa ya mama yake Theo, bibi Eulalie, mwenye miaka themanini na mbili. Huyo aliisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza.

"Mate ya mtu si kitu cha kupeleka posta," alisema. "Mtu akitaka kukuroga unamtumia mwenyewe, na stempu unamlipia?"

Wakacheka wote.

"Theo, usipeleke."

"Kwa nini, Mama?"

"Nimesema tu. Usipeleke."

Walidhani ni uzee. Chupa mbili zikaondoka na feri ya Jumatatu, na jioni hiyo Theo akampigia simu mpwa wake.

"Majibu yakija usiyafungue. Njoo nayo. Utayasoma mezani, mbele ya watu, na ya kwangu yawe ya kwanza."

"Mjomba, kwa kawaida watu huangalia kwanza wenyewe, halafu..."

"Niahidi."

Danika akaahidi.

Hakuna mtu wa kisiwa cha Carriacou ambaye angeshangaa Theo kutaka hivyo. Katika ngoma kuu kila kabila huitwa kwa mdundo wake, Kromanti waliotoka Ghana, Igbo, Manda, Temne, Kongo, na mtu huinuka likiitwa la baba yake. Theo alikuwa akiinuka kwa Kromanti tangu ana miaka sita, na hapakuwa na mguu wa kumshinda kisiwa kizima. Norris Quashie, baba yake, alikuwa na miaka sita kaburini bila jiwe. Mara mbili alimjia Theo ndotoni, amekaa kizingitini miguu imelowa, akiuliza jiwe lake liko wapi. Mtu akishaulizwa hivyo hana la kusubiri. Jiwe likaagizwa, siku ikapangwa, na mtoto wa kwanza ndiye angelisimamisha na ndiye angepiga goti la kwanza kuomba radhi ya baba. Theo alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwa na jambo jingine alilolitaka hivyo.

*

Verneta na Danika walifika Ijumaa. Jumapili, baada ya kanisa, watu walikaa mezani: sima ya mahindi na bamia, mbaazi, kondoo wa mchuzi. Shangazi Iona alikuwepo, na Sylvan mpiga ngoma, ambaye hakualikwa lakini alisikia harufu.

Theo akafuta mdomo. "Haya, soma."

Danika akafungua simu. Alikuwa ametunza ahadi. Hakuwa ameona kitu. "Mjomba Theophilus. Nigeria, thelathini na moja kwa mia."

"Hiyo ni ya Mama. Baba yake alikuwa Igbo. Endelea."

"Uskoti, thelathini na nane."

Meza ililipuka kwa kicheko. "Kaka, sketi yako ya Kiskoti umeificha wapi?" Sylvan akauliza. "Siku zote unatuchezea ngoma, kumbe mwenzetu wa zumari!"

Theo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Nani hapa hana Mskoti aliyepita uani kwa bibi yake? Twende Ghana. Ghana ngapi?"

"Ghana, nne."

Sylvan bado alikuwa akicheka peke yake, kisha akaacha.

"Wamechanganya chupa," Verneta alisema. "Yangu Ghana ni ishirini na saba."

Danika alikuwa akisogeza kidole kwenye kioo. Kidole kikasimama. "Mjomba, haya mengine tutasoma baadaye."

"Nilikwambia usome mezani. Soma."

"Ni orodha ya ndugu. Wale waliopimwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hapa wewe na mama yangu mmeandikwa ndugu wa mzazi mmoja."

"Mzazi mmoja vipi?"

"Mmoja tu, Mjomba. Si wawili."

"Na Shangazi Iona?"

"Kwa mama yangu yupo, ni shangazi yake. Kwako hayupo."

"Tafuta vizuri."

"Hayupo kabisa."

"Basi kwangu yupo nani?"

Danika alimtazama mama yake, na mama yake hakumsaidia. "Mtu wa Toronto. Duncan McIvor. Wanasema ni kaka yako, wa mzazi mmoja."

Hakuna aliyehitaji kuuliza McIvor ni nani. Walikuwa waunda mashua wa kijiji cha Windward, wajukuu wa Waskoti, watu wekundu wenye shingo za kuchomwa na jua. Lachlan McIvor, baba yake Duncan, alikufa zamani, na nusu ya wanaume waliokaa pale mezani walibeba jeneza lake, Theo akiwa mmoja wao.

Theo akageuka kumtazama mama yake. Eulalie alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, chakula chake hakijaguswa.

"Nilisema msipeleke," alisema.

Sylvan aliaga kwa heshima sana. Kabla ya saa kumi jioni habari ilikuwa imeshafika mjini Hillsborough, imenunua mkate, na kurudi.

*

Asubuhi Danika alimkuta mjomba wake uani, akainama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nisamehe, Mjomba."

"Wewe ulisoma. Mimi ndiye niliyesema soma. Nenda kamsaidie Merle."

Verneta alikuwa ameshahamishia masanduku yake kwa Shangazi Iona. Hakumuaga mama yake. Theo aliingia jikoni, akamkuta Eulalie anamenya mbaazi za karamu, ganda upande huu, punje upande ule. Akavuta kigoda, akachukua fungu naye akaanza kumenya.

"Ulimpenda?" akauliza mwishowe.

"Nani?"

"McIvor."

Eulalie alitoa pumzi kwa pua, kama mtu aliyeulizwa kama anapenda homa. "Nilikuwa mpishi wao. Wanaume tisa walikuwa wanaunda mashua, mimi nawapikia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na ndoa ya miezi miwili. Baba yako aliondoka kwenda Trinidad kutafuta kazi ya mafuta, mwezi wa tatu mwanzoni. Juma lilelile Lachlan aliingia kibandani mchana akafunga mlango. Sikuulizwa kitu, Theo."

Theo aliendelea kumenya. Vidole vilikuwa vinatupa punje kwenye maganda.

"Ukamwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Kesho yake nilirudi kuwapikia. Kazi ilikuwa hiyo. Ukazaliwa mwezi wa kumi na mbili. Watu walihesabu kwa vidole, wakaona inatosha kwa Norris, wakatuacha. Mimi nilihesabu pia. Ilitosha kwa wote wawili."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua!" Alipiga bakuli kwa kiganja, mbaazi zikaruka. "Hilo ndilo msilolielewa. Sikujua. Nilikuwa natumaini. Ukikohoa kama Norris nilimshukuru Mungu. Ukikasirika ukanyamaza kama yeye, nikashukuru. Siku uliyocheza Kromanti mara ya kwanza, watu wakasema tazama mguu wa Norris huo, nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia kwa furaha. Miaka sitini na mmoja nimeishi kwa nusu. Nusu ilinitosha. Mkaja na vichupa vyenu."

Theo aliinama akaanza kuokota mbaazi sakafuni, moja moja.

"Usimwambie Verneta," mama yake alisema.

"Anadhani ulimchezea Baba."

"Aache adhani. Akijua atanihurumia, na mimi huruma ya Verneta siiwezi."

*

Jumatano walikuja barazani, Iona mbele na Verneta nyuma. Merle aliwatolea viti, akaweka maji mezani, na hakukaa.

"Mimi nilikubeba," Shangazi Iona alianza. "Nimekusafisha mavi. Endelea kuniita shangazi, sitakukataza mpaka nife. Lakini anayetaka jiwe ni Norris, si mimi. Aliyekufa huwezi kumfunika macho. Akiona goti la kwanza si la damu yake, hatatugeukia sisi wazee. Atawageukia watoto. Nimeyaona hayo nyumba ya akina Corion."

"Alikuja kwangu, Shangazi," Theo alisema. "Mara mbili. Verneta hakumjia."

Iona alikunywa maji kidogo. "Alikuja kwako kwa sababu ndiwe unayelala nyumbani mwake."

Merle alinung'unika kitu. Theo akamwinulia mkono.

"Goti la kwanza litakuwa langu," Verneta alisema. Alikuwa na macho mekundu. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumapili. "Na ulichotoa kwa ajili ya jiwe nitakurudishia."

"Nilitoa ndama wawili. Utawatoa New York?"

"Usinifanye mimi ndiye mbaya, kaka. Baba alifanya kazi Trinidad miaka minne, anatuma kila alichopata, kumbe... Mbaya wetu yuko jikoni."

Theo alifungua mdomo. Merle, ambaye alikuwa ameshaambiwa ya Lachlan, alimtazama akingoja aseme. Theo akaufunga.

"Kuna jambo la jina," Iona alisema.

"Jina gani?"

"Kwenye jiwe. Limeandikwa limewekwa na wanawe Theophilus na Verneta. Jina lako lizibwe. Na fundi mwashi hatuna mwingine, Theo. Utakuja kama fundi. Chupa ya fundi utapewa, na sahani ya fundi."

Merle akacheka kwa sauti, kicheko kibaya. "Akazibe kwa ulimi wake huyo wifi yangu! Amekaa baridini miaka thelathini, mzee anaoshwa hapa, anageuzwa kitandani hapa, na mume wangu huyuhuyu. Leo anakuja na simu, anatuonyesha mtoto ni nani!"

"Merle."

"Usiniite Merle! Waambie hapana!"

Theo alikuwa anatazama viganja vyake. Vilikuwa vya fundi mwashi, vimekatwa na chokaa, saruji imeingia kwenye mistari kiasi kwamba hata Jumapili haikutoka.

"Nikikataa, nani atalisimamisha?" akamuuliza mkewe. "Boyd? Boyd alisimamisha la mama Corion, mwaka haukuisha likalala kama mlevi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuja," Theo akamwambia shangazi yake.

*

Jumamosi asubuhi walilitoa jiwe chumbani. Lilikuwa limelala siku mbili kwenye kitanda cha marehemu, limefunikwa shuka jeupe, kama inavyotakiwa. Wanaume wanne walilibeba hadi makaburini. Theo hakuwa miongoni mwao. Alitangulia na toroli, ndoo, mchanga na pima maji, akachanganya saruji peke yake huku familia ikija nyuma imevaa nyeupe. Yeye alivaa suruali ya kazi.

Verneta alimwaga maji, akamwaga ramu, akamwambia baba yake kwamba jiwe lake ndilo hili, apumzike. Sauti ilimkatika katikati. Hakuna aliyeweza kusema hakumpenda baba yake.

Theo alilisimamisha. Aliweka pima maji juu, ubavuni, mbele, akagonga kwa mpini wa nyundo, akapima tena. Watu walichoka kusimama juani. Mtu akasema, "Limenyooka hilo, fundi," na yeye hakujibu mpaka aliporidhika.

Kisha akachukua mwiko mdogo. Kulikuwa na herufi kumi. Alianzia mwisho, akirudi nyuma, akisukuma saruji kwenye kila mchoro na kuilainisha kwa kidole kilicholowa, mpaka likabaki *Theo*, jina ambalo marehemu alimwitia akiwa mbali shambani. Hapo alisimama kidogo kuchovya mwiko kwenye maji. Aliuchovya muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akaziba nne zilizobaki.

"Bado linaonekana," Verneta alisema taratibu.

"Saruji mbichi huonekana. Ikikauka itafanana."

Haikufanana. Pamebaki pale kiraka cha kijivu, na mbele yake neno *wanawe*, na nyuma yake jina la mtu mmoja.

*

Ngoma zilianza alasiri, uani kwa Quashie, jua likiwa bado lipo. Sahani ya wazee waliokufa ilikuwa imeshaandaliwa chumbani juu ya kitambaa cheupe, wali na mbaazi na nyama, bila chumvi, kama wanavyokula wafu. Theo alikaa kwenye benchi la mbao kando ya tangi la maji, pamoja na wanawake wa masufuria. Alipewa chupa yake na sahani yake. Iona mwenyewe ndiye aliyemletea, mikono miwili, na hakumtazama.

Wakaimba wimbo wa kuomba radhi. Verneta akaingia duarani akapiga magoti, Danika kando yake, Danika analia wazi bila kujifuta. Iona alinyoosha mkono kumwelekea Eulalie, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wajane.

"Njoo, wifi. Zamu yako."

"Sipigi magoti."

Waimbaji walipunguza sauti, ili wasipitwe na neno.

"Eulalie. Mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo niliposomewa." Alishika fimbo yake akainuka, kwa shida, hakuna aliyethubutu kumshika. "Nimempigia Norris magoti tangu wewe hujaota mvi, Iona. Kwa kosa lisilo langu. Yatosha."

Verneta aliinua kichwa kutoka chini alipokuwa. "Lisilo lako la nani?" aliuliza. "Mama? La nani?"

Mama yake alikuwa ameshampita. Alikatiza uwanja mzima polepole, fimbo na mguu, fimbo na mguu, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi. Akachukua kijiko cha Theo, akala kidogo katika sahani yake, akamrudishia.

"Hawakutia chumvi hata hiki chako," alisema.

Sylvan aliupiga mdundo wa Kromanti. Hakuwa na njia ya kutoupiga, ndio hufungua ngoma za makabila. Watu wa Kromanti waliinuka, Iona akashika taulo la kuongozea ngoma mbele, na macho mengi yakageukia benchi la tangi bila kupenda. Goti la Theo lilianza kucheza lenyewe. Aliliwekea kiganja, akalishikilia chini mpaka mdundo ulipokwisha. Merle, aliyekuwa kwenye masufuria, aligeuza uso.

Wakaitwa wengine. Temne wakaingia wakatoka. Manda. Kila mtu aliinuka wakati wake na kukaa wakati wake, na Theo alikaa wakati wote.

Sylvan akabadilisha. Igbo.

"Nishike," Eulalie alisema.

"Mama, nyonga yako."

"Huyu ni baba yangu mimi anayeitwa. Nishike."

"Nikufikishe tu?"

"Uingie nami."

"Kabila hufuata baba, Mama. Siwezi."

"Na mimi sikuweza mengi," alisema. Alikuwa ameshasimama, na fimbo ameiacha kwenye benchi, kwa hiyo ama amshike ama aanguke. Theo akamshika kiwiko. Wakaingia duarani.

Hakuna mwingine wa Igbo aliyeingia. Walingoja waone. Theo alikuwa amesikia mdundo huu maisha yake yote, lakini aliusikia amekaa, akingoja wake. Ulikuwa wa haraka, unakatika pale asipotarajia. Alishusha mguu, ukachelewa. Akashusha mwingine, ukawahi. Kijana mmoja ukutani akacheka, akapigwa kiwiko akanyamaza. Mchezaji bora wa Carriacou alikuwa anakanyaga vumbi kama mtu anayetafuta ngazi gizani.

"Kushoto," mama yake alimwambia chini chini. Uzito wake wote ulikuwa juu ya mkono wa Theo. "Kushoto kwanza. Halafu usubiri."

Theo aliinamisha kichwa akatazama ndala za mama yake, akaanza kufuata.